Nusu ya Kuonana: Ukweli, Udanganyifu na Imani katika Maandishi ya Nafsi

Utangulizi

Wazungumzaji wa Kiswahili wana msemo kwamba barua ni nusu ya kuonana. Kwa kawaida msemo huu husomwa kama sifa ya barua: aliye mbali huwa karibu, na kalamu hufanya kazi ya uso. Lakini msemo wenyewe una hesabu ndani yake. Ikiwa barua ni nusu, basi iko nusu nyingine ambayo barua haiwezi kuileta. Nusu hiyo ni mtu mwenyewe: sura yake, jamaa zake wanaomjua, na mahali anapoweza kukutwa na kuulizwa.

Mhadhara huu unahusu nusu hiyo iliyobaki. Swali lake ni hili: msomaji anapomwamini mtu anayeandika "mimi", anasimama juu ya nini? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba msomaji huongozwa na maandishi yenyewe. Lugha ikiwa nyofu, maelezo yakiwa mahususi, na mwandishi akiwa hajifichi aibu zake, basi huhesabiwa kuwa msema kweli. Dai la mhadhara huu ni kinyume cha hayo. Unyofu wa lugha ni mtindo, na mtindo unaweza kujifunzwa na yeyote, mkweli na mwongo. Ukweli wa maandishi ya nafsi hushikiliwa na mambo yaliyo nje ya maandishi, na udanganyifu hustawi pale msomaji anapoyajaza mambo hayo kwa matumaini yake mwenyewe.

Kwa "maandishi ya nafsi" inakusudiwa hapa kila aina ya uandishi ambamo mtu hujitoa kuwa shahidi wa maisha yake: tawasifu, barua, shajara, ushairi wa mateso yaliyompata mtunzi, na katika miaka ya karibuni, blogu na kurasa nyingine za intaneti. Visa vitatu vitachunguzwa. Cha kwanza kinatoka katika tawasifu maarufu ya Kiswahili iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20; cha pili kinatoka gerezani Kenya; na cha tatu kilitokea kwenye intaneti mwaka 2011, mbali na pwani ya Afrika Mashariki, lakini ndicho kinachodhihirisha vizuri zaidi yale yaliyokuwamo katika viwili vya kwanza.

Amana na hiana

Inafaa kuanza na maneno. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu jamaa nzima ya maneno yenye asili moja: amini, imani, amana, amani, pamoja na majina ya watu Amini na Amina. Katika jamaa hiyo neno amana ndilo linaloeleza zaidi. Amana ni kitu kinachowekwa kwa mtu ili akitunze na kukirejesha. Anayeweka amana hatoi zawadi wala hauzi. Anakabidhi, na kwa kuwa anakabidhi, huwa na haja ya kuijua nyumba ya aliyemkabidhi. Kumwamini mtu, kwa maana hii ya asili, ni kumwekea kitu ambacho siku moja kitadaiwa.

Kinyume cha amana ni hiana. Hiana si sawa na uwongo. Mtu aweza kusema yasiyokuwa bila ya kumfanyia mtu yeyote hiana, na fasihi nzima imejengwa juu ya uwezekano huo. Fanani anapoanza kwa "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", pande zote mbili zimekubaliana kwamba yanayofuata ni hadithi. Riwaya iliyochapishwa nayo ina paukwa yake, hata isipotamkwa. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), kijana Kazimoto husimulia kwa nafsi ya kwanza mambo mazito ya maisha yake. Hakuna msomaji aliyewahi kumshitaki Kezilahabi kwamba alijifanya Kazimoto, kwa sababu kitabu chenyewe kilijitambulisha kuwa ni riwaya. Msomaji hakukabidhi amana yoyote ambayo haikurejeshwa.

Hiana huanza pale paukwa inapofichwa. Mwandishi hutunga hadithi, lakini humpa msomaji kama ushuhuda. Naye msomaji, kwa kuipokea kama ushuhuda, huweka amana: huruma yake, muda wake, fedha zake, na pengine usalama wake. Kwa hiyo mpaka unaotafutwa hapa si ule ulio baina ya yaliyotokea na yasiyotokea tu. Ni mpaka baina ya mkataba wa hadithi na mkataba wa ushahidi.

Mkono wa mwandishi na mchukuzi wa barua

Waandishi wa barua wa pwani walilijua tatizo hili na walikuwa na njia za kulikabili. Mjerumani C. G. Büttner alipochapisha mwaka 1892 mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, alihifadhi barua nyingi za watu wa kawaida wa wakati huo: za biashara, za madeni, za salamu na malalamiko. Barua za aina hiyo zilifuata taratibu zinazojulikana. Huanza kwa kumtaja anayeandikiwa kwa heshima zake na salamu ndefu, na ndipo haja huelezwa. Aghalabu mwishoni huja kauli ya Kiarabu "wakatabahu", yaani "na ameiandika", ikifuatwa na jina la aliyeandika, na mara nyingi "biyadihi", kwa mkono wake.

Kauli hiyo fupi si pambo. Inatenganisha mwenye maneno na mwenye mkono, kwa kuwa watu wengi waliandikiwa barua na wengine. Inamtaja mtu anayeweza kuulizwa iwapo barua ni ya kweli. Aidha, barua ilichukuliwa na mtu. Mchukuzi aliweza kuulizwa hali ya aliyemtuma, alimwacha wapi, na alikuwa na nani. Hivyo nusu ya pili ya kuonana ilisafiri pamoja na nusu ya kwanza. Barua iliaminika kwa sababu kulikuwa na mkono uliojulikana, mchukuzi aliyeonekana, na jamaa waliokuwa tayari kuthibitisha au kukana.

Utaratibu huo haukuzuia kila udanganyifu. Lakini ulionyesha mahali pa kutazama. Anayetaka kudanganya kwa maandishi au kwa masimulizi ya nafsi hulazimika kwanza kuwaondoa mashahidi, au kuchagua mahali ambapo hawapo.

Hila ya Utetera

Mfano ulio wazi wa jambo hili umo ndani ya tawasifu ya Kiswahili iliyotangulia nyingine nyingi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa katika bara la Afrika Mashariki na Kongo, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Maandishi hayo yalichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa hati za Kilatini pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, na hadi leo yanasomwa na wanafunzi wa historia na wa fasihi pia. Mwandishi wake alifariki Unguja mwaka 1905.

Katika tawasifu hiyo Tippu Tip anaeleza jinsi alivyopata utawala wa Utetera, nchi iliyo ndani ya Kongo ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Akiwa safarini alipata habari kutoka kwa watu waliotoka huko. Mtawala wao, Kasongo Rushie, alikuwa mzee. Zamani dada zake wawili walitekwa vitani na kupelekwa Urua, wasionekane tena. Tippu Tip aliposikia hayo alidai kuwa mama yake mzazi alizaliwa na mmoja wa wanawake hao: babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alimpata mwanamke huyo huko Urua na kumleta pwani. Kwa hiyo yeye Tippu Tip alikuwa mjukuu aliyerudi. Mzee alimpokea kwa furaha na akamwachia utawala. Pembe zilizokuwa zikiletwa kwa Kasongo Rushie zikaanza kuletwa kwa mgeni.

Kiungamo hakihitajiki katika sehemu hiyo. Mpangilio wa masimulizi unatosha. Msomaji huona kwanza habari ikimfikia Tippu Tip kutoka kwa wengine, kisha huiona ikitoka kinywani mwake kama urithi wa familia. Wanahistoria kwa kawaida wamekichukua kisa hiki kuwa ni hila, na ni vigumu kukisoma kwa namna nyingine.

Hila hiyo ilifanikiwa kwa sababu tatu, na zote tatu zitaonekana tena mbele. Kwanza, ilikuwa na maelezo mahususi. Hadithi ilijengwa juu ya tukio halisi lililojulikana na wenyeji, na ukweli wa tukio ukafunika uwongo wa nasaba. Pili, ilimkuta msikilizaji mwenye jeraha. Kasongo Rushie alikuwa amewangojea dada zake kwa miaka mingi. Hakudanganywa katika jambo asilolijali, bali katika jambo alilolitamani kuliko yote. Tatu, mashahidi walikuwa mbali. Waliomjua mama yake Tippu Tip walikuwa pwani, mwendo wa miezi mingi, na hakuna aliyetoka Utetera kwenda kuwauliza.

Kuna methali kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kisa cha Utetera kinaonyesha kwamba methali hiyo haisemi yote. Urefu wa njia ya mwongo hutegemea umbali wa mashahidi. Njia ya Utetera ilikuwa ndefu, na walioilipia hawakuwa Kasongo Rushie peke yake, bali watu wa nchi nzima waliojikuta chini ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa kwa sababu mzee wao aliamini hadithi ya mjukuu.

Jambo la pili la kuzingatiwa linamhusu msomaji wa leo. Wanafunzi wengi, wakishasoma kisa hicho, humwamini Tippu Tip zaidi na si kidogo. Hoja yao ni kwamba mtu anayesimulia hila zake bila kuona haya hana sababu ya kuficha mengine. Hoja hiyo ni mtego. Kusimulia hila iliyofaulu, mbele ya hadhira inayostaajabia werevu, si kujidhili, ni kujisifu. Uwazi wa mahali pamoja hauthibitishi uwazi wa mahali pengine.

Kipo kipimo kinachoonyesha hivyo. Mwaka 1876 Tippu Tip alikubaliana na H. M. Stanley kumsindikiza kupita Nyangwe kuelekea chini ya mto Lualaba, nao wakaachana kabla ya mwisho wa mwaka huo. Stanley alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1878. Tippu Tip naye aliieleza katika tawasifu yake, akalalamika kwamba malipo na zawadi alizoahidiwa hazikuja, na kwamba alicholetewa baadaye ni picha ya Stanley. Kila mmoja anaandika "mimi", kila mmoja anasikika mnyofu, na kila mmoja anajitoa akiwa ndiye aliyetimiza ahadi. Hakuna mtindo utakaowaamua. Kinachoamua ni kulinganisha: mikataba, barua za wakati huo, na ushuhuda wa watu wa tatu.

Maandishi ya hadhara na ya faragha

Fasihi ya Kiswahili ina bahati ya kuwa na mfano mwema wa ulinganishi huo. Shaaban Robert (1909–1962) aliandika tawasifu kwa ajili ya umma, inayosomwa leo kwa jina la Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha pia barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958. Tangu hapo msomaji ana Shaaban Robert wawili mezani: yule anayezungumza na taifa, na yule anayezungumza na ndugu yake juu ya mambo ya nyumbani na shida za kila siku.

Thamani ya barua hizo si kwamba zinamfichua mwandishi. Mtu anayeandika tawasifu huchagua, na kuchagua si kudanganya. Thamani yake ni kwamba ziliandikwa kwa mtu aliyemjua mwandishi na aliyeweza kumkosoa. Yusuf Ulenge alikuwa ile nusu ya pili ya kuonana. Mtafiti anapozisoma barua hizo, anaazima macho ya shahidi.

Mfungwa wa Kamiti

Kisa cha pili kinahusu maandishi yaliyozaliwa katika kificho, na kinahitajika ili hoja isipotoke. Mtu angeweza kusema kwamba ikiwa mashahidi ndio msingi wa imani, basi anayejificha hastahili kuaminiwa. Kisa cha Abdilatif Abdalla kinakanusha hilo.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 na kufungwa mwaka uliofuata kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Alikaa kifungoni hadi mwaka 1972, sehemu kubwa katika gereza la Kamiti. Huko alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika katika karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje kwa kificho. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974.

Mashairi hayo ni maandishi ya nafsi kwa maana kamili. Mtunzi anasema juu ya kifungo chake, upweke wake na msimamo wake. Yaliandikwa kwa siri, lakini siri hiyo ilikuwa kinga dhidi ya askari jela. Haikuwa mtego kwa msomaji. Nyuma ya "mimi" wa mashairi palikuwa na mwili uliofungwa, kesi iliyosikilizwa mahakamani, hukumu iliyoandikwa, familia iliyomngojea Mombasa. Baada ya kuachiliwa alihamia Tanzania na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambako wanafunzi na wenzake waliweza kumwona na kumuuliza. Mtu angeweza kuyachukia mashairi yake au kuipinga siasa yake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mfungwa hakuwapo.

Kutokana na kisa hiki sharti litofautishwe jambo moja na jingine. Kuficha jina, mahali au kalamu kwa sababu ya hatari ni haki ya shahidi. Lakabu ya mshairi gazetini nayo si udanganyifu, maana wapo wanaojua ni ya nani. Udanganyifu ni kubuni shahidi asiyekuwapo. Anayejificha ana nusu ya pili ya kuonana, ila ameihifadhi. Mdanganyifu hana nusu hiyo kabisa.

Mfungwa wa Damascus

Maandishi ya nafsi ya Kiswahili yaliingia kwenye intaneti mapema. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, aliyekuwa tayari akijulikana kwa makala zake za magazetini, alianzisha Jikomboe, mojawapo ya blogu za mwanzo za Kiswahili. Aliandika kwa jina lake, na wasomaji wake walikuja na ujuzi waliokuwa nao juu yake. Lakini chombo hicho kipya kiliwezesha pia jambo ambalo barua ya pwani haikuliwezesha: mtu kusomwa na maelfu bila ya mchukuzi, bila ya mkono, na bila ya mji unaomjua.

Mwezi Februari 2011 ilianza blogu ya Kiingereza iliyodaiwa kuandikwa na Amina Abdallah Arraf, mwanamke kijana wa Damascus mwenye uraia wa Syria na wa Marekani, anayewapenda wanawake wenzake na anayeipinga serikali ya nchi yake. Mwezi uliofuata maandamano yalienea Syria. Waandishi wengi wa habari wa kigeni walizuiwa kuingia au kutembea humo, na watu wa nje wakawa na kiu ya sauti kutoka ndani. Mwezi Aprili Amina alieleza jinsi maafisa wa usalama walivyokuja nyumbani usiku kumkamata, na jinsi baba yake alivyowakabili kwa maneno mpaka wakaondoka. Masimulizi hayo yalisambaa upesi, na magazeti makubwa ya Magharibi yakamtaja kama shujaa. Mwanamke mmoja wa Kanada aliandikiana naye kwa miezi kadhaa na kumhesabu kuwa mpenzi wake.

Tarehe 6 Juni 2011 mtu aliyejitambulisha kuwa binamu yake aliandika katika blogu hiyo kwamba Amina ametekwa na watu wenye silaha. Kampeni za kutaka aachiliwe zilianza mara moja, na maafisa wa Marekani walijaribu kumtafuta raia huyo. Hapo ndipo swali la zamani la pwani lilipoulizwa: ni nani aliyewahi kumwona? Ilibainika kwamba hayupo. Mwanamke mwingine, mkazi wa London, alijitokeza na kusema kuwa picha zilizotumiwa ni zake yeye. Waandishi na wachunguzi kadhaa walifuatilia anwani na nyayo za kompyuta, nazo zikawafikisha Edinburgh. Tarehe 12 Juni Tom MacMaster, Mmarekani mwenye umri wa miaka 40 aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikiri kuwa ndiye mwandishi. Amina hakuwahi kuwapo. Siku iliyofuata ilijulikana kwamba mhariri wa tovuti moja ya Marekani iliyokuwa imempa Amina nafasi, aliyejulikana kwa wasomaji kama mwanamke, naye alikuwa mwanaume.

Sababu tatu za Utetera zimo humu zote. Maelezo mahususi yalichukuliwa kutoka katika matukio halisi, kwa kuwa ukandamizaji wa Syria haukuwa wa kubuni. Wasikilizaji walikuwa na jeraha, au walau tamaa: walimtaka shahidi anayezungumza lugha yao, anayefikiri kama wao, na aliye hatarini. Na mashahidi walikuwa mbali, nyuma ya mpaka uliofungwa. Hata jina linastahili kutajwa. Amina ni mwanamke wa kuaminiwa. Jina lilitoka katika jamaa ileile ya imani na amana. Wasomaji wa Kiingereza hawakulisikia hilo. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi kutolisikia.

"Sauti tu ndiyo ya kubuni"

Katika maelezo yake MacMaster alijitetea kwamba huenda sauti ya msimulizi ilikuwa ya kubuni, lakini mambo yaliyoelezwa juu ya hali ya Syria yalikuwa ya kweli. Utetezi huu unastahili kujibiwa kwa makini, maana ndio hoja bora kabisa ambayo mdanganyifu wa aina hii anaweza kuitoa, na wapo wahakiki wa fasihi watakaovutiwa nayo.

Jibu ni kwamba katika ushahidi sauti ndiyo jambo lenyewe. Mtu anaposema "watu wanakamatwa Damascus", anatoa habari ambayo yeyote aweza kuirudia. Anaposema "walikuja nyumbani kwangu usiku", anatoa kitu kingine: anajiweka dhamana. Ukiondoa nafsi hiyo, hakibaki ushuhuda uliopungua kidogo; kinabaki uvumi uliopambwa. Ndivyo ilivyokuwa Utetera. Ni kweli kwamba dada wa Kasongo Rushie walitekwa. Ukweli huo haukupunguza hiana ya mtu aliyejifanya mjukuu wao, ndio uliomwezesha.

Hasara ya kisa cha mwaka 2011 iliwaangukia hasa wale ambao sauti yao iliazimwa. Wanaharakati wa Syria, wakiwamo watu wa hali ileile iliyodaiwa kuwa ya Amina, walilalamika hadharani kwamba wamehatarishwa. Wapo waliojiweka wazi katika jitihada za kumtafuta mfungwa asiyekuwapo. Na baada ya hapo, Msyria wa kweli aliyeandika kwa jina la siri kwa sababu ya hatari ya kweli aliweza kuambiwa kwamba labda naye ni Amina mwingine. Serikali inayokanusha mateso haihitaji zawadi kubwa kuliko hiyo. Hiana moja ilichota katika kisima cha wengi.

Linganisha wafungwa wawili. Wa Kamiti alikuwa na gereza lakini hakuwa na karatasi. Wa Damascus alikuwa na kurasa zisizo na mwisho lakini hakuwa na gereza. Kwa mizani ya mtindo, wa pili aliweza kumshinda wa kwanza: alikuwa na maelezo mengi zaidi, hisia za karibu zaidi, na wasomaji wengi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Mizani ya mtindo, basi, haiwezi kupima kilichotofautisha wawili hao.

Hitimisho

Mambo mawili yanafuata kwa mwanafunzi wa maandishi ya nafsi, ya zamani na ya sasa. La kwanza ni kwamba maswali ya barua ya pwani hayajapitwa na wakati. Nani ameandika, na kwa mkono wa nani? Nani ameileta? Nani anamjua, na yuko wapi wa kuulizwa? Maswali hayo yafaa kuulizwa juu ya tawasifu ya mwaka 1902 kama yanavyofaa kuulizwa juu ya ukurasa wa intaneti. Aidha yanahitajika zaidi sasa, ambapo programu za kompyuta zinaweza kutunga "mimi" mnyofu wa aina yoyote, kwa lugha yoyote, bila ya mtu nyuma yake kabisa.

La pili ni onyo dhidi ya dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa. Kutoamini lolote si busara. Ni njia nyingine ya kuwanyamazisha walio hatarini. Kasongo Rushie hakukosea kuwatamani dada zake, wala wasomaji wa mwaka 2011 hawakukosea kuwahurumia watu wa Syria. Kosa lilikuwa kukabidhi amana yote kabla ya kuuliza nyumba ya mpokeaji. Kuuliza huko hakumvunjii heshima shahidi wa kweli. Wale wa Kamiti na wa popote pengine walioandika kwa siri wamekuwa wa kwanza kufaidika na maswali hayo, kwa sababu majibu yao yapo.

Msemo wa wazee haukumwahidi mtu kuonana kamili. Ulisema nusu, ukamwachia msomaji kazi ya kuitafuta nusu ya pili.